Kamyo Ipi Ilizaliwa Kwanza

Mazutu, yaani dizeli, ilipoadimika, malori ya Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, yalipangwa kando ya soko na wenyewe wakakaa kwenye vivuli vyake wakinywa chai. Mtu ambaye lori lake linatembea hana nafasi ya kulisifu. Likisimama mpaka majani yakaanza kuota kwenye magurudumu, mwenyewe hana la kufanya ila kusimulia lilivyokuwa zamani. Hapo ndipo ugomvi wa baba na mjomba ulipopata chakula. Kuanza, ulianza kabla mimi sijaota meno.

Mimi nauza vipuri vya magari, mapiyesi kama wateja wangu wanavyosema, kwenye barabara inayoteremka bandarini. Duka lilikuwa la marehemu mume wangu. Alipofariki watu walinipa pole, kisha wakauliza lini nitafunga. Hawakukumbuka kwamba nimekulia chini ya lori. Baba yangu ana kamyo, ndivyo tunavyoita lori huku kwetu, ya Ulaya, yenye pua ndefu na taa za duara, na ilikuwa inabeba mapipa ya mawese kwenda Bujumbura wakati mimi bado sijui kusoma. Mjomba wangu, kaka yake mama, anayo ya aina ileile, pua ileile, taa zilezile. Zote mbili wamezipaka rangi ya kijani. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeiga.

Wote wawili walizinunua zikiwa zimetumika, na hakuna aliyejua mwaka zilipotengenezwa. Makaratasi ya kwanza yalipotea zamani, na yaliyofuata yaliandikwa na watu waliouliza tu, "Iko na miaka ngapi?" wakajibiwa, "Mingi."

Lazima niwaeleze kidogo hawa wawili. Wazee wa baba walitoka upande wa Kongo, wakakaa Rumonge, wakafanya useremala. Wazee wa mama walitoka Oman, wakauza vitambaa Bujumbura, na hawajaacha kulitaja hilo. Mama alipoolewa, mjomba alisema dada yake ameolewa na harufu ya mawese. Miaka michache baadaye duka la vitambaa likawa halilipi, mjomba akanunua kamyo, akaanza kubeba mawese. Tangu hapo aliongea kuhusu mawese kama kitu alichokivumbua yeye.

Sasa, chama cha wenye malori kikaamua kufanya sherehe. Kutakuwa na maandamano ya malori kutoka sokoni mpaka bandarini, na lori kongwe kuliko yote litatangulia, limebeba mgeni wa heshima. Kwamba mji mzima haukuwa na mazutu wakati chama kinapanga maandamano ya malori, hakuna aliyeliona kuwa jambo la kusemwa. Kamati ziliundwa. Kulikuwa na kamati ya mapokezi, kamati ya vinywaji, na komite tekinike ambayo kazi yake ilikuwa kuamua lori gani ni kongwe. Komite tekinike ilikuwa na wajumbe wengi kuliko malori yaliyokuwa yanawaka.

Presida wa chama alikuja dukani kwangu, mtu mpole mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba maji ya kunywa.

"Amahoro, mama. Nasikia wewe unaagiza mapiyesi kwa namba ya shasi. Hiyo namba inaweza kusema kamyo gani iko muzee?"

"Inaweza," nilisema.

Nilisema bila kusita, nimeegemea kaunta kama daktari. Nikamweleza. Magari ya siku hizi yana namba ndefu ya herufi na tarakimu kumi na saba, na dunia nzima inaisoma kwa namna moja. Kamyo za baba na mjomba ni za kabla ya makubaliano hayo. Wakati ule kila kiwanda kiligonga namba zake kilivyopenda, kwanza namba zinazosema ni aina gani ya lori, halafu namba za foleni, moja baada ya nyingine, jinsi vyuma vilivyokuwa vinapita. Kwa hiyo angalia zile za mwisho. Ndogo ndiyo kubwa kwa umri.

"Ndogo ndiyo kubwa," alirudia presida, akaondoka akiitamka njia nzima.

Asubuhi iliyofuata komite tekinike ilikusanyika kwenye kamyo ya baba. Namba imegongwa kwenye shasi yenyewe, fremu ya chuma inayobeba lori, upande wa kulia, nyuma ya gurudumu la mbele, mahali ambapo matope ya barabara ya ziwa na matone ya mawese yamekuwa yakikutana kwa maisha yangu yote. Tulikuwa na brashi ya chuma na petroli kidogo kwenye kopo. Watu walisikitika zaidi kuona petroli inamwagwa kuliko walivyosikitika kwenye mazishi mengine. Nikaingia chini, nikasugua. Kwanza ikatoka ngozi nyeusi, halafu ngozi nyekundu, halafu chuma. Namba za mwisho zilikuwa mia nne kumi na mbili.

Tukahamia kwa mjomba. Yeye alikuwa ametandika mkeka na kuweka kashata, kwa sababu alitegemea ushindi. Nikasugua. Mia nne thelathini na saba.

Baba alisogea mkekani. Alichukua kashata moja, akala polepole, akaangalia ziwa.

"Shemeji," alisema mwishoni, "hizi kashata ziko na sukari kidogo."

Mjomba aliniangalia mimi, siyo yeye. "Mwana wa dada yangu, unaniuzia mapiyesi miaka yote hii. Una hakika?"

"Namba iko wazi, mjomba."

"Namba iko wazi," alisema, "lakini namba ni ya shasi. Mtoto akipewa jina kabla hajazaliwa, amezaliwa?"

Wajumbe wa komite wakageuka kunitazama mimi. Ilikuwa hoja ya mtu anayeshindwa, na ubaya wake ni kwamba ilikuwa na akili. Nilirudi dukani sina raha. Niko kwenye kundi moja la simu la watu wa nchi mbalimbali wanaopenda malori ya zamani. Niliingia kutafuta gaskiti, nikabaki kwa sababu wanaume wale, wengi wamestaafu, hubishana kuhusu boliti kwa adabu kubwa. Nikauliza pale kwa Kifaransa changu cha shule. Akanijibu mzee mmoja wa Ulaya ambaye, kwa maelezo yake, mke wake amemkataza kuleta lori jingine nyumbani.

Aliandika kwa kirefu. Kiini chake ni hiki. Namba iligongwa shasi ilipokuwa chuma kitupu. Baada ya hapo shasi haikwenda moja kwa moja. Nyingine ilipata kabini na injini mara moja. Nyingine ilisubiri pembeni, labda kwa sababu mteja alitaka radieta kubwa ya nchi za joto na haijafika, au usukani wa upande mwingine, au mteja mwenyewe alikuwa hajaamua. Kwa hiyo namba inaonyesha nani alianza, haionyeshi nani alitoka mlangoni kwanza. Lori la namba kubwa linaweza kuwa lilishafika barabarani wakati la namba ndogo bado linapigwa na mvua uwanjani. Kwa tofauti ndogo kama ya kwetu, aliandika, mtu mwenye busara hali kiapo. Atazame vyuma vilivyomiminwa, kama ekseli ya nyuma. Huwa na kiduara kidogo chenye mwaka katikati na vidoa vya miezi.

Nilisoma ujumbe ule mara nyingi nikitafuta mahali panaposema nilikuwa sahihi. Hapakuwepo.

Nilipomweleza mjomba, alifurahi mpaka akanipa mkono kama mwanamume. Alikwenda kuchukua brashi mwenyewe. Kiduara cha ekseli yake kilikuwa na mwaka uliotangulia ule wa ekseli ya baba. Kwa maneno mengine baba alitangulia kupata namba, mjomba akatangulia kupata magurudumu.

"Yangu ilitoka ya kwanza!" mjomba alipiga kelele kutoka chini ya lori. "Ya kwake ilikuwa inangojea radieta!"

"Ekseli ilibadilishwa!" alisema baba.

"Lini?"

"Kabla sijanunua."

"Unajuaje kama hukuwepo?"

"Na wewe kiwandani ulikuwepo?"

Waliendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri, wakaenda msikitini wakiwa pande mbili za barabara.

Komite tekinike ilikuwa sasa imegawanyika, wengine watu wa shasi, wengine watu wa ekseli. Wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni, ambao hawana hata baiskeli, walikuwa na msimamo. Mteja mmoja alikataa kununua mkanda wa feni kwangu kwa sababu alisikia mimi ni wa shasi kwa ajili ya baba yangu. Presida akaja tena, safari hii bila sauti ya kuhutubia.

"Mama, hakuna kitu kingine? Kitu cha kumaliza?"

Kulikuwa na kimoja. Ndani ya kabini, kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kiwanda kilipiga kibati kidogo cha alumini chenye namba ileile ya shasi. Kilipigwa mwishoni kabisa, lori likiwa limekamilika, na kwenye vibati vingine mzee wa Ulaya alisema kulikuwa na mwezi na mwaka. Kwetu vilifunikwa na rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka, mpaka vikawa kama kovu. Nikaomba ruhusa ya kukwangua. Baba akakubali kwa sababu mjomba alikuwa amekubali.

Tulianza kwa baba. Mama alikuwa amekuja siku hiyo, amekaa kwenye stuli kwa jirani, anachambua mchele kwenye ungo. Nilipaka dawa ya kutoa rangi, nikangoja, nikakwangua kwa kisu cha jikoni. Mwezi haukuwepo wala mwaka. Namba zilikuwepo. Nikazisoma moyoni, nikazisoma tena, nikafuta jasho.

"Soma!" alisema presida.

"Mia nne thelathini na saba."

Hakuna aliyeelewa haraka. Hiyo ilikuwa namba ya mjomba. Tukavuka kwenda kwenye kamyo ya mjomba, msafara mzima, na sasa hata wauza ndagala waliacha beseni zao. Nikapaka, nikakwangua. Kibati cha mjomba kilisema mia nne kumi na mbili.

Baba alivua kofia. "Huyu muntu aliiba kabini yangu."

"Mimi?" mjomba alisema. "Wewe iko ndani ya kabini yangu! Unaendesha ndani yangu miaka yote hii!"

"Ndiyo maana kiti kimelala upande mmoja! Nilisema siku zote! Huyu mtu mnene alikikalia!"

"Na mimi mlango unalia! Kila kona unalia! Ni mlango wako!"

Walikuwa wamekaribiana sana, wazee wawili wenye ndevu nyeupe, na presida alikuwa katikati anasema "wazee, wazee," wakati mama alipoweka ungo chini.

"Hakuna mtu aliiba," alisema.

Mama hana sauti kubwa, lakini ni mtu ambaye wote wawili wanamwogopa, mmoja kama mume na mmoja kama kaka.

"Mnakumbuka kamyo zilipokwenda Bujumbura kuchomelewa sakafu za kabini?" alisema. "Zote mbili, garaje moja, kwa sababu kila mmoja alisikia mwenzake anapeleka huko. Wakati ule mlikuwa hamsemeshani."

Walikumbuka. Walikuwa hawasemeshani kwa sababu, kwenye harusi ya mama yangu mdogo, baba aliletewa pilau baada ya madereva. Mjomba mpaka leo anasema ilikuwa bahati mbaya ya sinia.

"Hakuna kati yenu aliyekubali kwenda, asimkute mwenzake," mama aliendelea. "Mimi nilikuwa Bujumbura kwa wagonjwa. Mukaniagiza nikaangalie. Fundi alikuwa ameteremsha kabini zote mbili, amezipaka rangi, ziko chini kama mapacha. Akaniuliza, 'Mama, ipi iko ya nani?'"

"Ukasema nini?" aliuliza baba taratibu.

"Nikasema weka yoyote, zote ni kijani."

Nilimwona mjumbe mmoja wa komite tekinike ameng'ata midomo yake yote miwili.

"Yoyote," alisema mjomba.

"Ningemuuliza nani? Mlikuwa hamsemeshani." Mama akachukua ungo wake. "Na kamyo zilitembea. Hakuna aliyelalamika."

Nilifikiri wangemkasirikia. Badala yake wakaanza kuangaliana kwa aibu, kama watu waliogundua wamevaa viatu vya wenzao tangu msikitini. Baba alirudi kwenye kamyo yake, akapanda, akakaa kwenye kile kiti kilicholala, akashika usukani, akashuka. Mjomba alifungua mlango wake na kuufunga, akiusikiliza unavyolia.

Komite tekinike ilikutana faraghani kuchagua kati ya shasi iliyotangulia, ekseli iliyotangulia na kabini zilizopotea. Ilitoka na azimio ambalo presida alilisoma kwa sauti yake yote. Kwa kuwa ukongwe hautokani na namba peke yake bali na huduma na heshima, lori litakalotangulia ni la presida wa chama. Lori la presida lina namba ya herufi na tarakimu kumi na saba. Lina kiyoyozi. Mimi ndiye niliyemwagizia vioo vyake, na dirisha moja bado lilikuwa na karatasi ya dukani. Watu walipiga makofi, kwa sababu chai ilikuwa imepoa na walitaka kwenda nyumbani.

Siku ya maandamano mazutu ilitafutwa kwa bidoni, yaani madumu, kila mtu kwa njia zake ambazo hatukuulizana. Malori yaliyopambwa kwa matawi ya michikichi yalijipanga sokoni. Baba alikuja amevaa kanzu, akapita kamyo yake, akaenda kusimama mbele ya kamyo ya mjomba.

"Shemeji, nataka kukaa kwenye kabini yangu. Leo tu."

Mjomba hajawahi kumruhusu hata dereva wake mwenyewe aiendeshe kamyo hiyo siku ya sherehe. "Na mimi yangu," alisema, akatoa funguo mfukoni.

Wakabadilishana. Nilikaa na baba. Hakujua breki za mjomba, ambazo zinataka mguu wa kukanyaga mara mbili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akisema bismillahi kwenye barabara tambarare. Mbele yetu presida alikuwa amempakia mgeni wa heshima, mkubwa mmoja mwenye suti ya baridi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

Hatukufika mbali. Injini za kisasa zina kinyaa, na mazutu ile ya bidoni sijui ilikuwa imechanganywa na nini. Lori la presida lilikohoa, likawasha taa nyekundu zote lilizonazo, likazima katikati ya barabara. Kamyo za zamani hazina taa za kulalamikia. Zinakunywa chochote. Mgeni wa heshima alishuka, jasho limeshaanza, akatazama nyuma, akapanda lori lililokuwa karibu, ambalo lilikuwa letu. Nikasogea katikati.

"Murakoze," alishukuru. "Hii kamyo ni ya nani?"

Baba alikanyaga breki mara mbili ili kuzijaribu.

"Tuna ushirika," alisema.

Tuliingia bandarini wa kwanza, mjomba ametufuata kwa ukaribu ambao ulikuwa wa hatari, anapiga honi ya baba. Mpaka leo baba anasema mgeni alikaa ndani ya kabini yake, na mjomba anasema mgeni alibebwa na shasi na ekseli zake. Wanabishana hivyo wakiwa wamekaa mkeka mmoja, jambo ambalo zamani halikuwepo.

Baadaye walitaka kurudisha kabini mahali pake. Niliingia chini kuangalia boliti gani zitahitajika, na kwa kuwa nilikuwa huko nikasoma namba ya injini pia, ambayo kiwanda kile kiliifananisha na ya shasi. Ya baba haikulingana na shasi yoyote kati ya zile mbili, wala ya mjomba. Ni injini za malori mengine mawili kabisa. Niliwaambia. Waligeuka kwa pamoja kumtazama mama.

"Msinitazame mimi," alisema mama. "Injini siijui."

Kazi ya kabini ikasahaulika. Sasa wanatafuta malori ambako injini zao zilitoka. Mazutu bado ni ya kubahatisha, kwa hiyo wanapanda basi dogo, wazee wawili na brashi ya chuma kwenye mfuko wa plastiki, wanafuata ukanda wa ziwa popote waliposikia kuna kamyo ya pua ndefu imelala nyuma ya nyumba. Walianza Magara, wakaenda Kabezi, wakarudi na samaki na hakuna namba. Mzee wa Ulaya ananiuliza habari zao kila wiki. Anasema mke wake pia anauliza.

Juzi nilipigiwa simu na mtu wa Kabonga, kule karibu na mpaka, ambaye namba yangu aliipata kwa mteja.

"Mama, samahani. Kuna wazee wawili wamelala chini ya kamyo yangu, wanagombana. Wanasema wewe iko mutoto wao."

"Ni wangu."

"Wanataka kununua?"

"Hapana. Wanasoma tu."

Nikasikia kwa mbali sauti ya mjomba inasema sita, na ya baba inasema nane.

"Sasa niwafanye nini?"

Nikamwambia awape chai, na kama ana taa ya tochi awaazime, kwa sababu macho yao wote wawili si mazuri.